Kopo la Mafuta ya Nazi

Wanawake wenzangu wa darasa, miye ndiye niwasomeshaye hapa kila wiki. Leo nimeomba nafasi hii baada ya dua ili mjue mwalimu wenu alikosea wapi.

Mwajua kwamba mimi hubangua korosho. Nilianza kazi hiyo tangu usichana wangu kule Kikoneni, na hadi leo hapa Msambweni nazikaanga uani na kuzipasua moja moja. Ganda la korosho lina utomvu unaochoma ngozi, kwa hiyo kila mbanguaji huweka kando yake kopo la mafuta ya nazi, achovye vidole asiungue.

Mjukuu wangu alipotimiza mwaka mmoja nilianza kumlea mchana, maana mama yake yuafanya kazi hotelini Diani. Haukupita mwezi, ngozi yake ikaharibika. Mashavu yalikuwa mekundu, mgongo ukatoka malengelenge, akawa ajikuna hadi damu. Ndugu zangu, nawaambia, kilio cha mtoto anayewashwa hakizoeleki.

Jirani mmoja akaja na hukumu yake. "Mwalimu, hilo ni jini. Lataka mbuzi mweusi, na mtoto achanjwe chale."

"Likitaka mbuzi," nikamwambia, "likafuge wake."

Msicheke! Habari za majini nimezisoma katika Qur'ani tangu utotoni, wala sijaona mahali palipoandikwa kwamba hula mashavu ya watoto. Dua nilimsomea kila alfajiri. Zahanati nilimpeleka, akapewa dawa ya kupaka, akapata nafuu, kisha yakarudi yale yale. Mwishowe mwanangu, baba wa mtoto, alichoka. Akaleta mbuzi mweusi, akamfunga uani.

"Mama, umeshindwa. Alhamisi mtoto atachanjwa."

"Leo ni Jumatatu," nikamjibu. "Sijashindwa bado."

Jioni hiyo mkaza mwanangu akanisogelea. "Mama, usikasirike. Kila tukienda kwetu Waa, mtoto hupona."

"Ni hewa ya Waa."

"Huko pia twampaka mafuta ya nazi, mama. Lakini si ya kopo lako."

Nilikasirika, Mungu anisamehe. Mafuta yaliyokuza wanangu saba! Asubuhi yake nikambeba mtoto na kopo langu hadi zahanati, ili muuguzi athibitishe kwamba huyu mkaza mwanangu amekosa adabu.

Muuguzi akanipa shikamoo, akafungua kopo, akalitazama sana. "Bibi, huu weusi hapa chini ni wa nini?"

"Ni wa vidole vyangu. Mimi hubangua korosho."

"Na mtoto wampaka mafuta haya haya?"

Nikaitikia. Aligeuza viganja vyangu juu, vyeusi na vyenye sugu, kisha akamgeuza mtoto mgongo. Palipokuwa na malengelenge ndipo nilipompaka kila siku baada ya kuoga. Akanieleza kwa upole kwamba si kila ngozi huukataa utomvu ule. Wanangu waliustahimili, huyu hakuweza.

Nilimnunulia mtoto kopo lake. Nguo na leso za kazi sizivai nikimbeba, na korosho nimezihamishia nyuma ya ua, mbali naye. Alhamisi ilipofika nilisimama mlangoni, nikasema hachanjwi mtu hapa. Majuma yakapita, na ngozi ikarudi laini, alhamdulillahi.

Jirani yangu alipopata habari alisema, "Kumbe mchawi ni bibi mwenyewe!" Nikamwambia naam, ni mimi, na nimejiagua mwenyewe.

Namshukuru Mola aliyenipa subira. Namshukuru muuguzi aliyeuliza kabla ya kuandika dawa. Zaidi namshukuru mkaza mwanangu, aliyethubutu kuniambia nisilotaka kusikia. Nanyi, mtoto akiugua, msikimbilie kutafuta adui nje. Tazameni kwanza mnachompaka, mnachomvisha na mnachomlisha, na mumsikilize mama yake, hata akiwa mdogo kwenu.

Yule mbuzi mweusi yuko uani hadi sasa. Mjukuu wangu humlisha majani kwa mikono yake laini. Inshallah tutamla Idi, na jini lisitarajie hata mfupa.