Mama Huguette Nkulu, Aliyeipa Filamu Mgongo Akatazama Watu

Leo Jumamosi, tarehe 28 mwezi wa sita, Mama Huguette Nkulu anaweka mikro, kipaza sauti chake, chini baada ya miaka thelathini na moja ya kazi katika sali yetu, ukumbi wa filamu wa Foyer Umoja, hapa Dilala, Kolwezi. Kwenye karatasi za ofisi ameandikwa "animatrisi". Sisi tunaomjua tunasema ni yule mama aliyekuwa anatusemea filamu.

Mi naitwa Stanislas Mulumba, mlinzi wa mlango wa sali hiyo. Shule niliiacha darasa la pili, lakini katika Kolwezi nzima hakuna mtu aliyeona filamu nyingi kunipita mimi, na nyingi nimeziona nikiwa nimesimama. Direkta wetu, Tata Muteba, aliniomba nusu ukurasa kwa programu ya sherehe, mambo ya kufurahisha tu, na ile habari ya mawe niiache. Nimekataa. Tatiana wa ofisi, anayeyapiga haya kwenye mashine, naye nimemkataza kunirekebisha. Mtu anayetaka nusu ukurasa asome nusu.

Mama Huguette alitoka Kamina akamfuata mumewe aliyekuwa wa treni. Hapa alianza kwa kuuza tiketi. Jumapili moja ikaja filamu ya karate ya Kichina, na maandishi ya Kifaransa chini yakipita mbio kama panya. Watu wakaanza kupiga miluzi. Yeye akaacha tiketi zake, akapanda jukwaani, akashika mikro na kuanza kuwasemesha wale Wachina Kiswahili chetu. Alichokielewa alikisema. Asichokielewa alikitunga. Mpaka mwisho yule mwalimu wa karate akawa ni mtu wa Manika anayegombana na shemeji yake, na hakuna aliyeomba arudishiwe tiketi.

Tangu siku hiyo akawa na utaratibu wake. Jumamosi anaitazama filamu peke yake. Jumapili, watu wakitoka misa, anaweka kiti chini ya pazia la filamu, anaipa filamu mgongo na kutugeukia sisi. Nilimuuliza mara moja kwa nini hatazami. Akanijibu: "Ile filme nilisha kuiona, Tata Stani. Sasa naangalia ile ingine, ya ku sura zenu."

Na kweli alikuwa anaisoma. Alijua karate inashuka miguuni: vijana wanatoka wakirusha mateke, na mi ndiye ninakuwa adui wa kwanza pale mlangoni. Wamenijaribu wengi. Wote walirudi nyumbani kwa miguu ileile waliyonirushia, ila polepole. Filamu ya mapenzi haionekani Jumapili, inaonekana Jumatatu. Mama Adolphine wa jikoni alimwambia mumewe: "Weye hata siku moja haunishike mukono mu njia!" Mume akaja kutulalamikia sisi wa sali, kana kwamba ule mkono tulikuwa tumemfungia sisi. Filamu ya kuchekesha watu wanaisahau kabla hawajafika kwa taksi-moto, pikipiki za abiria. Filamu ya vita, Mama Huguette aliwaketisha wazee mbele, na pale risasi zilipoanza alinyamaza, akatuacha tusikie wazee wanavyopumua.

Lakini ya woga, ya walozi, yaani wachawi, na wafu, hiyo aliiwekea sheria. Filamu ikiisha taa zinawaka na mlango haufunguki. Tunabaki mle ndani, tunaulizana nani alifumba macho, nani alimshika jirani ambaye si wake, mpaka sali yote icheke. Hapo ndipo ananipa ishara na mi nafungua. Hiyo tuliiita kushusha woga. Mtu haruhusiwi kwenda nao nyumbani peke yake. Wageni kutoka Dilolo walishangaa, lakini walikaa, kwa sababu mlango ulikuwa ni mimi.

Sasa nakuja kwa mawe.

Jumapili ile ilikuwa filamu ya bibi-arusi na mlozi. Yule mlozi alikuwa bibi mzee, kitambaa cheusi kichwani, beseni mkononi, anayeingia nyumbani mwa watu wakiwa wamelala. Mlozi amefika kitandani, ameinama juu ya bibi-arusi, ameinua mkono. Kuran, yaani umeme, ikakatika.

Sali ikawa giza. Mtoto akalia, mama yake akalia zaidi, benchi zikaanguka. Mama Huguette alipiga kelele tukae, lakini mikro bila kuran ni chuma tu. Walinijia wote kwa pamoja. Mi nina nguvu, mji wote unajua, lakini kwa ukuta wa watu wanaokimbia hata mlango wenyewe hauna la kusema. Wakaenda. Kila mmoja akaenda na yule mlozi, mzima, mkono juu.

Kwenye geti letu kulikuwa, na bado kuko, Mama Mignonne Ntumba, mjane anayeuza karanga. Kitambaa chake ni cheusi. Karanga zake ziko katika beseni. Miaka yote watu walizila bila kuona kitambaa. Jumatatu waliona kitambaa. Jumanne hakuna aliyenunua. Jumatano mtoto wa jirani akapata homa, kama watoto wanavyopata homa kila mwaka, na jioni watu wakasimama mbele ya nyumba ya Mama Mignonne wakimwita mulozi. Wakaanza kutaja kabila lake na baba yake alitokea wapi. Sisi wazee tumeshauona mji huu ukitafuta mtu wa kubebesha kosa. Tunajua jiwe linaanzia mdomoni.

Nilimchukua kwa mkono nikamleta kwa Mama Huguette akalale pale. Hakuna aliyenigusa njiani. Waulizeni.

Tata Muteba akaita mkutano. Si mtu mbaya, aliogopa. Akasema filamu za woga zimeharibu watu, zote zitupwe, kuanzia sasa ni mahubiri na mpira. Mama Huguette akasimama: "Direkta, filme ilileta woga. Mawe balikuwa nayo tangu zamani." Tata Muteba akauliza basi anataka nini. Akajibu anataka kuirudisha filamu ileile Jumapili. "Batu balirudia na mulozi muzima mu kichwa. Mutu asiyeona mwisho wa hadithi anaenda kuitafuta mu mutaa. Mwisho yao ni huyu mama!" Tata Muteba akamwambia akiirudisha asije kazini Jumatatu. Akajibu: "Jumatatu iko mbali. Tuanze na Jumapili."

Jumapili walikuja wote, kwa sababu hata mtu mwenye hasira anataka kujua bibi-arusi aliponaje. Mama Huguette alikuja na kikapu chenye vitenge vyake na sufuria yake ya ofisini, tayari kwa kufukuzwa, akakiweka chini ya kiti. Mi mlangoni nilikuwa napapasa mifuko. Mtu mwenye jiwe analiacha nje. Gradi, dereva wa taksi-moto, alikuwa na moja kama kichwa cha mtoto. Akaniambia, "Tata Stani, weye ni muzee, toka." Nikamwambia, "Mi ni muzee, lakini weye utabaki kijana sana kama unaingia nayo." Akaliacha. Mpaka filamu inaanza, lundo lilifika gotini kwangu.

Ndani wakamkuta Mama Mignonne ameketi mbele kabisa, kitambaa cheusi kichwani. Ulitokea mvumo kama wa nyuki. Mama Huguette akaanza kuisemea filamu. Filamu ikaja mpaka palepale ilipokatika: kitanda, beseni, mkono juu. Hapo akamnyooshea Mama Mignonne mikro.

Yule mama akaisogeza mikro mdomoni. Tulisikia pumzi yake sali nzima. Kisha, kwa sauti ileile tunayoisikia kila siku getini, akamsemea mlozi: "Bibi-arusi, amuka! Karanga iko ya moto!"

Hakuna aliyecheka. Mlozi kwenye pazia akaanza kupanda kitandani, na Mama Mignonne akaendelea: "Ee Mungu, kitanda iko mrefu. Banishikilie! Na magoti yangu haya, mi nitaloga nani?" Nyuma kabisa mtu akacheka puani. Halafu mwingine. Halafu sali ikapasuka. Gradi alianguka kutoka benchi akabaki chini anapiga sakafu kwa kiganja. Mlozi akakamatwa kwenye filamu, na Mama Mignonne akawasihi wale waliomkamata wasimwage beseni, na watu wakalia kwa kucheka. Filamu ni ileile, picha ni zilezile. Jumapili moja ilitoa mawe, Jumapili nyingine ilitoa machozi ya furaha. Anayesema filamu ndiyo inayoamua kila kitu, aje aniambie mimi usoni.

Mama Huguette akanipa ishara, nikafungua. Walitoka mmoja mmoja, hawatazamani. Gradi alisimama getini muda mrefu, kisha akanunua karanga, akazila palepale ili watu wamwone. Mawe hayakurudi njiani. Mama Mignonne alichagua matatu akayafanya mafiga, anakaangia karanga juu yake mpaka leo. La Gradi ndilo kubwa, ndilo linashika moto.

Jumatatu Mama Huguette alikuja kazini. Hakuna aliyemfukuza. Tangu hapo kila mlozi, kila mwizi, kila mama mkwe mbaya wa filamu alisemwa na Mama Mignonne.

Sasa nasikia kuanzia mwezi ujao filamu zitajisemea zenyewe kwa Kifaransa, na mlango utabaki wazi, kila mtu aingie na kutoka anavyotaka, kila mtu na woga wake mfukoni kama simu. Mama Huguette ameulizwa anataka zawadi gani ya kustaafu. Amekataa kitenge, amekataa saa ya ukutani. Amesema mikro apewe Mama Mignonne. Direkta amejibu komite itafikiri.

Basi komite ifikirie leo. Baada ya hotuba tutaonyesha ile filamu ya bibi-arusi, yote. Mama Mignonne atakuwa na mikro. Mama Huguette, kwa mara ya kwanza, ataketi upande wetu na kutazama pazia. Tata Muteba kiti chake kiko mbele, na sitafungua mpaka acheke yeye mwenyewe na kusema ndiyo.

Mama Huguette, asante kwa kila Jumapili. Uende Kamina salama, uwe na uzee mtamu, na kuran isikatike kabla ya mwisho. Siku ukirudi, wewe peke yako utapita mlango huu bila kungoja.

Wengine wote, kaeni. Niko mlangoni.