Mwalimu Dafroza Wanzagi, Aliyezima Redio

Marehemu Mwalimu Dafroza Wanzagi alizaliwa Kiabakari tarehe 14 Septemba 1938, mtoto wa tatu wa Mzee Wanzagi na Mama Getruda. Alisoma shule ya misheni na kuhitimu ualimu mwaka 1958. Mwaka 1961 alifunga ndoa na Isidori Kasmiri, fundi baiskeli wa Nyasho, Musoma.

Alifundisha Bunda miaka kumi na minane, kisha akahamishiwa Butiama. Huko ndiko yalikomkuta.

Tarehe 9 Mei 1983, enzi za sabuni ya foleni na betri za kubembeleza, darasa la tano lilikuwa likisikiliza kipindi cha shule redioni. Mtangazaji akasema, "Kura ni haki ya kila raia. Mmeelewa?" Darasa zima likaijibu redio, "Ndiyooo!" Mwalimu akapitia madaftari. Lo! Wote wameandika, "Kula ni haki ya kila raia." Kwetu r na l ni mtu na nduguye, nani asiyejua? Akazima redio, akamwuliza mwanafunzi mmoja, Bhoke, ameelewa nini.

"Mwalimu, kama ni haki, mbona sisi tunakulaga mara moja tu kwa siku?"

Hapo ndipo somo lilipoanza. Watoto walibishana juu ya maneno yale mawili mpaka kengele.

Kumbe mkaguzi wa elimu alikuwa mlangoni. Watoto hakuwasikia, aliona redio imezimwa tu. "Unamzimia mtaalamu?" Marehemu akamjibu, "Redio haimsikii mtoto akikosea. Mimi namsikia." Kwa jibu hilo akaandikwa "mzembe" kwenye jalada lake, na ualimu mkuu aliokwisha kupangiwa akanyang'anywa. Mzembe! Yeye aliyesahihisha kila daftari kwa mkono wake!

Miaka kumi na mitatu aliandika barua na kupanda malori hadi ofisi ya elimu Musoma, akidai neno hilo moja lifutwe. Jalada halionekani, mama, rudi wiki ijayo. Ikaja enzi ya ruksa, maduka yakajaa bidhaa, shule ikaletewa kompyuta kabla ya umeme, ikavalishwa kitambaa cha mezani. Jalada bado halionekani.

Alianza kuugua shinikizo la damu mwaka 1991. Alifariki nyumbani Nyasho tarehe 3 Machi 1996, saa nne asubuhi, akiwa na bintiye. Ameacha mume, watoto wawili, Pastory na Marieta, na wajukuu wanne.

Jana ofisi ilileta rambirambi zinazomwita "mwalimu hodari". Mzee Isidori amekataza zisisomwe hapa. Amesema, "Wakaandike kwenye jalada, siyo kwenye jeneza."

Pumzika kwa amani, Mwalimu. Sisi bado hatujapumzika.