Dobi Aliyewahi Kuwa Bingwa: Maisha ya Dada Shoto

Dada yetu mpendwa alizaliwa Ijumaa, tarehe 9 Machi 1951, katika nyumba ya vyumba viwili iliyokuwa nyuma ya viwanja vya tenisi vya klabu ya mjini. Alikuwa kifungua mimba katika familia ya watoto watano. Baba yetu alikuwa mtunza viwanja: kila asubuhi alipiga mistari chokaa, akamwagilia udongo na kukaza nyavu. Mama yetu alikuwa mshonaji. Mtoto alipoanza kushika kijiko alikishika kwa mkono wa kushoto, na jirani mmoja akamwita Shoto kwa utani. Jina likamganda. Waliokuja kumheshimu waliongeza tu neno Dada mbele yake, na baadaye Mama.

Alianza shule ya msingi mwaka 1958, hatua chache kutoka nyumbani, na bado alichelewa kila siku. Mwalimu wa darasa la pili, mama mmoja mkali asiyetaka mchezo, alimlazimisha aandike kwa mkono wa kulia. Dada Shoto akatii. Basi ule wa kushoto ukabaki hauna kazi, na asiye na kazi hakosi kujitafutia. Ukajipatia raketi iliyotupwa na mwanachama wa klabu baada ya kukatika nyuzi. Baba aliifunga kwa uzi wa kushonea viatu. Wanachama wakishaondoka, Shoto aliupiga mpira kwenye ukuta wa stoo mpaka mama achoke kumwita kula. Alimaliza sekondari mwaka 1969 na kufaulu vizuri hesabu na sayansi kimu, ingawa hakuna aliyemuuliza habari za hesabu tena maishani mwake.

Sababu ni kwamba mwaka huohuo alikuwa bingwa wa taifa wa tenisi kwa wanawake. Alilitwaa kombe hilo tena mwaka 1971, na tena mwaka 1972. Vijana wa leo huenda hawajui maana yake, basi tuwaeleze. Picha yake ilibandikwa kwenye vibanda vya vinyozi. Watoto wachanga walipewa jina lake. Akipanda basi, kondakta alikataa nauli yake, kisha akawatangazia abiria wote ni nani aliyepanda, na Dada Shoto akatamani sakafu ya basi ipasuke aingie chini. Hakuna aliyemwita Shoto tena nje ya nyumba yetu. Aliitwa Bingwa.

Na hapa tuseme ukweli, maana marehemu hakupenda kupakwa mafuta kwa mgongo wa chupa. Maisha yale yalimtesa. Kabla ya kila mchezo alitapika nyuma ya vyumba vya kubadilishia nguo, mama akimshika paji la uso.

"Mama, nikifungwa je?" aliuliza siku moja.

"Ukifungwa utarudi nyumbani, utaoga, utakula. Nini tena?"

Kwa mama ilikuwa hivyo. Mji haukuona hivyo. Mwaka 1974 alifungwa na msichana mgeni katika nusu fainali, na kesho yake alipokwenda dukani kama kawaida, muuza mkate alimtazama, akaitazama mikate iliyojaa kabatini, akamwambia, "Kwako leo imekwisha." Kwenye foleni ya zahanati mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alimgeukia na kumwambia, "Umetuangusha sana, Bingwa." Hakuwa amewahi kumwona mama yule. Dada Shoto alirudi nyumbani akalia kwa uchungu. Siku ile alielewa kwamba watu wale walipenda ushindi, na yeye walikuwa wakimvumilia tu kwa sababu ndiye aliyeuleta. Mwezi Aprili 1975, akiwa na miaka ishirini na minne, alituambia jikoni, mikono ikiwa kwenye povu la vyombo, kwamba hachezi tena. Mama alisema, "Haya, suuza na hilo sufuria."

Mwaka huohuo aliajiriwa kwa dobi mmoja wa barabara ya stesheni. Wengi walimhurumia, wakasema ameanguka. Yeye alisema kwa mara ya kwanza alikuwa akila kifungua kinywa kikatulia tumboni. Alijifunza kuondoa doa la chai, la kutu na la wino, kupima wanga wa kola usiwe mgumu kama ubao, na kukunja shati hata mwenyewe akifika nyumbani aone haya kulikunjua. Mwaka 1981 alifungua duka lake karibu na mlango wa soko. Ule mkono wa kushoto, uliowahi kutangazwa redioni, ulibeba pasi nzito kwa zaidi ya miaka arobaini bila kulalamika.

Ndoa yake nayo ilianzia kwenye kazi. Mwaka 1976 alipeleka saa ya mkononi kwa fundi saa aliyekuwa na kibanda kando ya posta. Fundi aliweka kioo chake jichoni, akaifungua saa, akauliza bila kuinua kichwa, "Unafanya kazi gani, dada? Humu mna unyevu mwingi."

Miaka mingi ilikuwa imepita bila mtu kumuuliza Dada Shoto swali hilo.

"Mimi ni dobi," alisema hatimaye.

"Aa, ndiyo maana. Vua saa ukifua."

Kilichomvutia kwa fundi huyo hakikuwa sura, na shemeji yetu mwenyewe anajua, kioo anacho. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 18 Desemba 1976, wakajaliwa watoto wawili, binti na kijana.

Tatizo ni kwamba shemeji, aliyependwa kwa kutojua, alikuja kujua. Makombe aliyakuta chini ya kitanda, yamefungwa kwenye shuka kuukuu. Tangu siku hiyo akawa shabiki namba moja, naye alikuwa amechelewa miaka saba, kwa hiyo alikuwa na haraka. Aliyapanga kabatini akayang'arisha. Kila mteja aliyeleta saa aliondoka na habari za mkewe. Huo ndio ugomvi pekee uliodumu katika nyumba ile: mume akitaka dunia ikumbuke, mke akitaka dunia isahau.

Dunia ilikuwa upande wa mke. Watu walianza kwa kusahau miaka, wakachanganya 1971 na 1973. Kisha wakasahau sura, wakawa wanamkodolea macho sokoni bila kujua wamemwona wapi. Bwana mmoja alimshika mkono akasisitiza kwamba yeye ni mwimbaji wa bendi fulani, na Dada Shoto, ili yaishe, akakubali. Bwana akaomba aimbiwe kidogo. Mwisho jina lenyewe likapotea. Muuza mkate yule alizeeka, akawa mteja wa duka la dobi, akaleta makoti yake kwa miaka mingi akimwita Mama Shoto kwa upendo, bila kujua kwamba alikuwa amewahi kumnyima mkate. Marehemu hakumkumbusha. "Nimempenda hivi alivyo sasa," alisema. "Nikimkumbusha, ataanza tena kuniita Bingwa."

Mwaka 2009 klabu iliadhimisha miaka yake themanini. Duka la Dada Shoto lilipewa kazi ya kufua vitambaa vya meza, na yeye na mumewe walivipeleka wenyewe. Walikuwa bado mlangoni, mikononi wamebeba vitambaa, wakati mshereheshaji alipoomba wote wasimame kimya kuwakumbuka mabingwa waliotangulia mbele ya haki. Akasoma majina. La Dada Shoto lilikuwa la tatu.

Ukumbi mzima ulisimama. Shemeji alifungua kinywa, na mkewe akamkanyaga kidole cha mguu kwa kisigino. Kisha Dada Shoto akainamisha kichwa kama wengine, vitambaa vikiwa kifuani, akajiombolezea mwenyewe kwa heshima zote mpaka watu wakaketi.

Nje, shemeji alilipuka. "Wamekuua! Mke wangu, wamekuua mbele ya macho yangu!"

"Wamenizika vizuri. Umeona hata yule mnene wa mbele alivyovua kofia?"

"Narudi ndani sasa hivi niwaambie uko hai."

"Ukinifufua, baba watoto, nakuacha. Nakuapia, nakuacha na hizo saa zako."

Alisimulia baadaye kwamba alipokuwa akiteremka ngazi za klabu alihisi mwili mwepesi, kama mtu aliyetua mtungi aliokuwa amejitwika hata akausahau kichwani. Bingwa alikuwa amekufa, watu wamemsimamia, mambo yamekwisha. Hakuna tena ambaye angemngoja popote. Na wiki iliyofuata alifanya jambo ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyelitarajia: alinunua raketi.

Kuanzia hapo, kila Jumapili alasiri, alicheza tenisi kwenye uwanja wa shule ya msingi wenye nyufa na wavu wa kamba za kuanikia nguo. Alicheza na fundi cherehani wa jirani, na muuguzi mstaafu, na yeyote aliyepita na viatu. Alifungwa mara nyingi. Goti lilikuwa bovu na macho hayaoni vizuri. Akipiga mpira ukaenda kwenye bustani ya watu, alicheka mpaka akakaa chini. Fundi cherehani alijisifu mtaa mzima kwamba yeye humfunga mama mmoja dobi kila wiki, "lakini anajitahidi, maskini." Dada Shoto alikuwa akirudi nyumbani, anaoga, anakula. Sisi wadogo zake hatukuwahi kumwona amefurahi vile, hata siku zile za makombe, na tulipomwona hivyo mioyo yetu nayo ilitulia.

Je, hakuumia hata kidogo? Aliumia, tusidanganyane. Siku moja ya mwaka 2013 runinga ya dukani ilikuwa ikionyesha fainali, na mtangazaji akasema binti aliyeshinda ndiye wa kwanza anayetumia mkono wa kushoto kuutwaa ubingwa wa taifa mara mbili. Dada Shoto alisimama na pasi mkononi. "Tatu," alisema polepole. "Nilitwaa tatu." Shati la mteja likaungua kola. Shemeji, aliyekuwa amekuja kumletea chakula, alimsikia, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakusema tuwaambie, hakusema tupige simu. Alizima runinga, akaketi karibu naye, wakala. Baadaye dada alituambia kwamba ni siku hiyo alipojua mumewe amemwelewa.

Afya yake ilianza kuzorota mwaka 2020. Madaktari walisema ni moyo. Alifunga duka, akaendelea kwenda uwanjani kuketi tu kwenye benchi na kuwazomea wachezaji. Mwezi Mei 2022 alilazwa, na binti yake, ambaye ni muuguzi, akawa hatoki wodini. Dada hakuogopa kufa. Kilichomtia hofu ni kwamba akifa, Bingwa angefufuka: kwamba klabu ingekuja na bendera na hotuba, watu wasiomjua wangelia mbele yake, na yeye mwenyewe, Shoto, angekosa hata nafasi ya kulala kwenye maziko yake.

"Usiwaite," alimwambia mumewe.

Shemeji alishika ukingo wa kitanda. Alikuwa amengoja kwa zaidi ya miaka arobaini mkewe akumbukwe. "Siwaiti," alisema.

"Sema tena."

"Siwaiti, mama. Lala."

Alifariki dunia asubuhi ya Ijumaa, tarehe 3 Juni 2022, mumewe na watoto wake wote wawili wakiwa kando yake.

Shemeji alishika ahadi. Aliyeivunja ni kaka yetu, ambaye hakuwapo hospitali na hakujua lolote, akaona ni adabu klabu iarifiwe. Alipiga simu juzi mbele ya waombolezaji. Katibu wa klabu alikuwa kijana mwenye heshima. Alisikiliza, akatoa pole, kisha akasema, "Ila samahani, mzee wangu, bingwa huyo alifariki zamani. Kumbukumbu zetu zinaonyesha tulisimama kimya kwa ajili yake hapahapa ukumbini. Huyu wenu atakuwa ni mwingine wa jina hilo." Kaka alikata simu kwa hasira.

"Wamesemaje?" shemeji aliuliza.

Alipoelezwa, alitaka arudiwe neno kwa neno. Kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, hata waliokaa chumba cha pili wakadhani msiba umemzidi, wakaja mbio kumshika. "Niacheni," alisema. "Hawaji. Mmesikia? Hawaji! Mwacheni mama watoto alale." Na sisi tuliokuwa tumevimba kwa hasira pamoja na kaka tukajikuta tunashusha pumzi, mmoja baada ya mwingine.

Kwa hiyo hakuna bendera hapa leo. Wapo mliovaa nguo alizozifua kwa mikono yake, majirani zake, wachezaji wa Jumapili. Fundi cherehani, tunaomba utusamehe. Umeyasikia haya sasa hivi, na tunaona ulivyoshika kichwa. Ulimfunga kihalali.

Marehemu ameacha mume, watoto wawili, mkwe mmoja wa kiume na mmoja wa kike, wajukuu watano, wadogo zake wanne, wapwa wengi, na marafiki waliojua chai yake anaipenda vipi.

Pumzika, Dada Shoto. Umetoka uwanjani, na hakuna aliyekaa akingoja ushinde. Mungu akupe amani uliyoitaka.