Siku Mama Pima Alipozuia Malori

Mheshimiwa Meneja wa mtambo, wakuu wa idara, ndugu wakulima mliotuheshimu kwa kuja, wafanyakazi wenzangu, na wewe mwenyewe Mama Pima unayestaafu leo: wakubwa shikamooni, wengine habari za mchana. Nimeombwa niseme kwa niaba ya madereva, na dereva akipewa kipaza sauti hajui breki iko wapi, nivumilieni.

Wageni wetu, majitaka ya mji mzima huja hapa yakasafishwa, na chini linabaki tope. Tope hilo tunaliozesha, tunalianika, na likishapona maradhi yake linakuwa mbolea. Lakini nani wa kusema limepona? Ni huyu mama, katika maabara yake.

Mnaukumbuka mwaka ule mvua zilipokaribia? Malori yamejaa, wakulima wamejipanga getini, nami nimeshawasha injini. Mama Pima akatoka na koti lake jeupe, akasimama mbele ya lori langu.

"Zima. Tope hili lina risasi."

"Risasi ya bunduki, Mama?"

"Ya betri, madini yenye sumu. Ikiingia kwenye mboga, imeingia kwa watoto."

Wakulima walimtolea maneno mazito, naye hakusogea mbele ya lori. Walikuwa na haki ya kuumia, maana msimu haumngoji mtu.

Basi tukazunguka mji, mimi na yeye, tukifungua chemba za majitaka moja baada ya nyingine, yeye akichota na kupima, mpaka bomba lenye sumu likatufikisha kwenye karakana ya kuvunja betri kuukuu. Mama akashuka, akashika mlango wa gari. Ilikuwa karakana ya mdogo wake wa tumbo moja.

"Dada," alisema yule bwana, "zimwi likujualo halikuli likakwisha. Punguza basi hicho kipimo."

"Risasi haina undugu, mdogo wangu. Wanao wanakula mboga za wapi?"

Aliripoti yote. Karakana ikafungwa mpaka ijenge tangi lake la kusafishia maji. Tope lile likazikwa mbali na mashamba, wakulima wakakosa mbolea msimu mzima, na ndugu wawili wakaishi miaka bila kusemezana. Siku moja nilimkuta Mama analia maabara. Akaniambia ni moshi wa dawa, nami nikakubali kuwa ni moshi.

Ndugu zangu, kumwambia mgeni ukweli ni kazi gani? Lakini nani kati yetu angemwambia aliyenyonya ziwa moja naye?

Mbolea ilirudi mashambani, safi, na wakulima waliomsema ndio hawa wamejaza viti vya mbele. Mdogo wake naye yupo. Ndiye aliyemleta Mama kwa gari lake asubuhi hii. Nilimwuliza mlangoni kama wamepatana. Akacheka: "Bado tunabishana. Ila siku hizi tunabishania mezani kwake, na sahani naosha mimi."

Mama, nenda kapumzike. Nanyi nyote, kwa masikio mliyoniazima, nasema asanteni sana.