Taa Zikikonyeza, Msiende Kulala

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, Baba Paroko, Mhandisi Gladness wa shirika la umeme, Mzee Shigela na familia yako, ndugu wageni waalikwa: wazee shikamooni, vijana hamjambo.

Jana jioni Mhandisi Gladness alisimama mlangoni mwa kituo cha umeme hapa Nansio akatamka kwamba mashine mpya imefaulu majaribio, na kwamba sasa kituo kina uwezo wa kuzalisha kilowati mia nne na ishirini. Mimi ni mwandishi wa habari kutoka Mwanza, na nimezoea kuona tarakimu zikitangazwa kwanza na kukaguliwa baadaye, kwa hiyo niliingia ndani nikasoma mita mwenyewe. Amesema kweli.

Nimeombwa nimuage Mzee Shigela, mkuu wa kituo, anayestaafu mwezi huu. Mwaka 1975 alikabidhiwa mashine ya kilowati sitini, iliyowasha hospitali, boma na nyumba chache zilizojisikia sana. Mwaka 1984 ikaja ya pili, ya mia na ishirini, umeme ukafika sokoni. Mwaka 1993 ile kongwe ikafa, wakati maduka yamejaa redio, pasi na friji. Nani alitegemea hayo? Nansio ya foleni za sukari ilikuwa na umeme mwingi kuliko Nansio ya soko huria.

Hapo ndipo Mzee alipoanza kukonyeza. Umeme ulikatwa kila siku saa nne usiku, na kabla ya kuzima alififisha taa mara mbili ili kila mtu atafute kibatari chake. Mji mzima ukajipanga kwa konyezo hilo: kwaya ilifunga mazoezi, baa ilitoa watu, wachumba waliagana.

Wiki iliyopita, mashine mpya ilipojaribiwa, hakukonyeza. Kwaya ikaimba nyimbo zake zote, ikaanza tena ya kwanza. Baani nako wanywaji walikaa wakisubiri kufukuzwa na taa. Baba Paroko, utanisamehe, ulimtuma katekista kituoni.

"Baba anasema uzime, Mzee. Watu hawajui kwenda nyumbani."

"Mwambie Baba leo umeme umebaki. Waende kwa akili zao."

Tumecheka, lakini yuko hapa mtu ambaye kwake kilowati hazikuwa mchezo. Mama Paskazia na kina mama wenzake walinunua mtambo wa barafu mwaka 1994, ili sangara wao wafike soko la Mwaloni, Kirumba, wakiwa wabichi. Mtambo unahitaji kilowati tisini, kati ya mia na ishirini tulizobaki nazo. Mzee alikataa kuuunganisha. Umekaa chini ya turubai, kuku wakiutagia, huku samaki wao wakikataliwa Kirumba kwa harufu.

"Habari za leo, Bwana Giza," Mama alikuwa akimsalimia Mzee sokoni, mbele ya watu.

"Nikikuwashia wewe, Mama, mzazi wodini atajifungua gizani. Chagua."

"Nimeshachagua, asijifungue gizani. Ila wewe bado ni Bwana Giza."

Nilimuuliza Mzee ni wakubwa gani waliowahi kuomba wabakiziwe umeme baada ya saa nne. Akajibu, "Wote." Nikauliza nani alipewa. Akajibu, "Wodi." Mheshimiwa, ukitafuta namna ya kumsifu mtumishi wa umma, mimi sina nyingine iliyo bora kuliko hiyo.

Jumatatu ijayo saa moja jioni, Mzee atauunganisha mtambo wa Mama Paskazia kwa mkono wake, na hiyo ndiyo kazi yake ya mwisho. Ameniomba niwatangazie jambo moja. Mota ya mtambo ikianza huvuta umeme kwa nguvu, na taa za mji mzima zitafifia. Msiende kulala. Baba Paroko, zuia kwaya yako. Tazameni taa: zikizimika, turubai litarudi juu ya mtambo na kuku watarudi juu ya turubai; mwanga ukipanda tena, kina mama wana barafu.

Asubuhi hii nilimuuliza Mama Paskazia: taa zikipanda tena, atamwita Mzee jina gani?

"Tuone taa kwanza," alisema.

Nawashukuru kwa masikio yenu. Tukutane kwa kina mama, penye mtambo, Jumatatu, saa moja jioni.