Kengele Aliyoipiga Bi Verna

Bi Verna Stidham alistaafu Ijumaa iliyopita, tarehe 30 Mei, baada ya miaka ishirini na saba katika kiwanda chetu cha bastola hapa Missouri. Wenzake wa uunganishaji wamenituma niandike machache tu, maana nikimwachia kalamu Bi Verna, jarida zima litakuwa lake.

Alianza kwa kufungasha maboksi, akahamia uunganishaji, kisha akapewa kazi iliyompa sifa: mbebaji. Bastola zetu ni ndogo, za kubebwa chini ya nguo mtu asijue. Kwa hiyo kila toleo jipya, kabla halijaenda madukani, hushinda kutwa nzima kiunoni mwa Bi Verna, halina risasi na mtutu umezibwa. Atakayeigundua hupiga kengele iliyo karibu na mashine ya kahawa, na Bi Verna humwokea pai ya tufaha. Siku ikipita kimya, bastola imefaulu.

Orville Crabtree wa kung'arisha amekula pai hizo mpaka mkanda wake umehamia tundu la mwisho. Mara moja tu alikosea. Alipiga kengele kwa mbwembwe, kumbe kilichotuna ni mkate wa soseji ambao Bi Verna aliuficha makusudi. Faini yake ilikuwa kuleta pai yeye, akaleta ya dukani. Weee! Hiyo ya dukani anasutwa nayo hadi leo.

Kwenye kazi hakuwa na masihara. Bastola ikimchubua au ikionekana, aliirudisha, hata bosi anune vipi. "Ikimsumbua mteja ataiacha kwenye droo," alikuwa akisema, "na huko kwenye droo ndiko wajukuu wanakochokora."

Mwaka huu bosi wetu, Dwight Tolliver, alitoa ahadi: toleo letu dogo kuliko yote likifaulu siku ya mwisho ya Bi Verna, litaitwa Verna. Bi Verna alilitaka jina lile litumike, wala hakuficha. Marehemu mumewe, Hoyt, alizoea kumtania kwamba jina lake halitaandikwa popote ila kwenye sahani za pai za kanisani.

Ijumaa ikafika. Tulikula mbavu za kuchoma, kisha tukapanga foleni kumkumbatia, yeye na gauni lake la maua. Zamu yangu ilipofika mkono wangu ukagonga kitu kigumu, chini kidogo ya mbavu. Kishikio cha bastola hicho! Nikamwambia, "Tutakukumbuka, Bi Verna," nikasogea bila kuigusa kengele. Nyuma yangu alikuwa Orville. Alipomwachia, akaanza kukagua dari kana kwamba amepewa zabuni ya kuipaka rangi. Watu wote wakapita, na kengele ikabaki kimya.

Bosi akashika kipaza sauti, akafunua kibao chenye jina. Tukapiga makofi mpaka viganja vikawaka moto. Bi Verna akaipita keki, akaipita kahawa, akaishika kamba ya kengele kwa mikono miwili na kuipiga mwenyewe.

"Waongo wakubwa nyie!" akapaza sauti. "Orville, mkono wako umeruka kama umeshika sufuria ya moto! Sasa mama wa watu aliyeinunua akikumbatiwa kanisani, mtamwambia nini?"

"Tulitaka upate jina lako, Bi Verna," Orville akajibu, kichwa chini.

"Nalitaka kweli, jamani. Lakini si kwenye kitu kinachomdanganya mtu." Akacheka, na machozi yakamtoka, na hayakuwa ya kucheka. Nasi tukalia, na hatuoni haya kuyaandika hapa.

Kishikio kile sasa kinapunguzwa. Kibao hakikutupwa, kiko mezani kwa wachoraji wa bastola kikiwatazama.

Bi Verna, asante kwa kutufundisha kazi na kwa kutukemea siku ile ile ya kukuaga. Tunakuombea afya, wajukuu watiifu na asubuhi zisizo na king'ora cha zamu. Nawe uandae baraza yako. Sote tulikuwa na jambo la kuficha, wewe ukatugundua, na sheria ya kiwanda unaijua: aliyepiga kengele huokewa pai. Tunakuja Jumapili, kila mtu na yake, na ya Orville ataioka kwa mkono wake.