Mama Kanuni, Karani wa Baraza la Mji

Ndugu wafiwa, majirani, na ninyi waheshimiwa madiwani, dada yetu mkubwa, mliyezoea kumwita Mama Kanuni, alizaliwa tarehe 9 Agosti 1972 katika nyumba ya reli aliyopewa baba, na mama alikuwa akisema hata kunyonya alinyonya kwa haraka. Alimaliza shule ya msingi mwaka 1986, sekondari mwaka 1990, kisha akasomea ukarani.

Februari 1995 aliajiriwa na baraza letu dogo la mji, lenye madiwani saba na wafanyakazi wanne, akakuta kila diwani anajiona bosi, huyu anamtuma mfagiaji nyumbani kwake akafyeke majani, yule anamfukuza mlinzi barabarani kwa mdomo tu, naye akawa hakai kitini, anawafuata mmoja mmoja akiwaeleza kwamba mwajiri ni baraza zima, si diwani mmoja, na hafukuzwi mtu kabla hajaitwa kikaoni akasikilizwa.

Tarehe 12 Desemba 1998 aliolewa na fundi cherehani, shemeji yetu huyu hapa mbele, wakajaliwa mabinti wawili, ambao wanamkumbuka mama anayekula amesimama.

Septemba mwaka jana figo zilimlaza hospitali, na kabla likizo yake ya ugonjwa haijaisha waheshimiwa wakataka kuajiri mwingine, ila kwa kuwa utaratibu aliujua yeye peke yake, mwenyekiti alimfuata wodini, bila haya jamani, akamuuliza wamwondoeje wasije wakashtakiwa. Shemeji alitaka kumtoa nje, marehemu akakataa, akajiinua kitandani akamweleza mwenyekiti aite baraza zima, ampe sababu kwa maandishi na muda wa kujiandaa, naye atakuja kujitetea, kwa sababu kazi yake anaipenda na bado anaitaka. Tangu hapo hakupata usingizi wala sisi hakutuacha tulale, alirudia hoja zake kwa sauti mpaka wauguzi wakazijua.

Kikao kilipangwa Jumanne tarehe 17 Machi, saa nne asubuhi, na asubuhi hiyo hiyo, binti yake mdogo akimvalisha viatu, marehemu alikata roho.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliotushika mkono, wafanyakazi wenzake watatu, na madiwani pia, maana mmefika. Ila waheshimiwa, kikao hakikufanyika, kwa hiyo kaburini hatutaandika aliyekuwa karani, tutaandika karani.

Pumzika kwa amani, dada, cheo chako umeondoka nacho.